Goti la nyota na mguu wangu

Leo mdomo umeniponza.

Tulikuwa tunachuma kahawa huku Maguu, tukibishana kuhusu yule nyota wa mpira wa kikapu wa Marekani aliyeumia goti.

Nikasema kwa sauti, "Auzwe sasa hivi! Badala yake timu ipewe nafasi za kuchagua wachezaji chipukizi."

Komba, tunayechuma naye, akanitazama mguu.
"Na wewe unayechechemea, kaka, tukuuze wapi?"

Walicheka mpaka kahawa zikamwagika. Mimi sikucheka.

Mchana nikampigia mama, yuko kwetu Liuli, kando ya ziwa, anakoanika dagaa tunaowaita usipa. Nikamwambia mguu umevimba, ila naona aibu kurudi bila kitu.

"Usipa unaanikwa kwa mikono, baba, si kwa miguu. Rudi."

Jamani, nimelikumbuka ziwa mpaka kuchuma kumenishinda.

Mliowahi kurudi kwenu bila kitu, mlipokelewaje?