Mbawa za Jina la Utotoni

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na sikuwa nimeonja uraka, ile pombe ya mabibo, hata tone. Nalisema hilo mapema kwa sababu nawajua watu wa Masasi. Ukiwaambia jambo limekutokea shambani msimu wa korosho, swali la kwanza ni ulikunywa vikombe vingapi. Sikunywa. Mama yangu yupo hai kule Chilangala, masikio yake mazima, na alichokisikia siku ile hajakikana mpaka leo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Masasi mjini. Nina mtoto mmoja wa kike, Shadya, wa miaka minne. Na ninacheza gemu kwenye simu. Najua, mwanamke mzima, mama wa mtu. Mume wangu alisema mpaka akachoka, siku hizi ananiomba nimfundishe. Gemu lenyewe ni la mapigano ya angani, tunacheza watu watano, kila mmoja kwao, na nikishaanza, hata mteja aje na gauni la harusi atasubiri raundi iishe.

Sasa sikia. Kampuni yenye gemu hilo ikatangaza kwamba mtu aliyekuwa na akaunti kwenye magemu yao ya zamani anaweza kuiunganisha na ya sasa, na vitu alivyovipata kule vikatumika huku. Niliruka kwenye kiti. Akaunti ya zamani ninayo! Nilipokuwa na miaka tisa, kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa anafanya kazi kwenye kibanda cha intaneti. Akanifungulia akaunti kwenye kompyuta, na humo nikapata mbawa za moto. Mbawa hizo walipewa wachezaji wa mwanzo tu, hazijatolewa tena. Unanielewa? Fundi cherehani wa Masasi ana kitu ambacho watu wa Dar wanakiota.

Shida ilikuwa jina. Akaunti ile ilifunguliwa kwa jina langu la utotoni. Kwa asiyetoka kwetu nieleze: sisi Wamakonde, mtoto akichezwa unyago hupewa jina jipya, na lile la zamani analiacha hukohuko. Haliitwi tena. Kumwita mtu mzima jina lake la utotoni ni kumtukana, na bibi zetu walikuwa wanakutoza kuku kwa kosa hilo. Langu nililiacha nikiwa na miaka kumi. Hata hapa silitaji, kwa hiyo usilisubiri.

Gemu likaniuliza: akaunti hizi mbili zikiwa moja, zitumie jina lipi? Nikichagua la sasa, mbawa zingechukua siku saba kuhakikiwa. Nikichagua la zamani, papo hapo. Ungekuwa wewe ungesubiri? Nikaliandika lile jina kwa kidole changu mwenyewe, herufi moja moja, nikabonyeza. Chini kulikuwa na maneno madogo: kila kitu sasa ni cha pande zote mbili, ila hakiwezi kutumika pande mbili kwa wakati mmoja. Nikayapitia juu juu. Jioni ile niliruka na mbawa zangu, wenzangu wakapiga kelele simuni mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

Kesho yake nafungua droo ya cherehani kutafuta bobini, nakuta bangili ya shanga nyekundu. Niliitambua mara moja. Ilinitumbukia kwenye tangi la maji ya mvua kwa mama nikiwa darasa la pili, nikalia siku mbili. Niamini, sikuogopa, nilifurahi kama mwehu. Nikajaribu kuivaa, haikupita hata kwenye vidole. Nikanyoosha mkono kuchukua mkasi, haupo. Nikairudisha bangili drooni, nikageuka, mkasi uko mezani. Nilirudia mara tatu. Nikitoa bangili mkasi unaondoka, nikirudisha bangili mkasi unarudi.

Mtu mwenye akili timamu angeuvunja ule muunganisho saa ileile. Mimi nikampigia kaka kumwambia gemu letu lina uhai. Akacheka, akasema nipunguze kucheza.

Wiki iliyofuata nilipanda Newala, mimi na Shadya, tukaenda Chilangala kumsaidia mama kuokota korosho. Siku ya pili, saa saba, jua la utosini, mimi nanyonyoa korosho kwenye mabibo, mama yuko mstari wa pili wa mikorosho, Shadya anacheza hatua kumi kutoka nilipo. Simu ikatetemeka mfukoni. Nikaifungua, nikaona begi langu la vitu kwenye gemu limeongezeka. Mbawa, ngao, bangili, mkasi. Cha mwisho kimeandikwa Shadya. Pembeni yake: kinatumika upande wa pili.

Nikainua macho. Mwanangu hayupo. Nikaanza kumwita kwa sauti.

Kisha nikamwona. Alikuwa mgongoni kwa mtoto wa kike, amefungwa kanga kama watoto wanavyobeba wadogo zao, ametulia kama anayesinzia. Yule mtoto alivaa gauni la njano lisilo na kifungo cha juu, na jino moja la mbele halipo. Gauni lile nalijua. Pengo lile nalijua. Nilikuwa najitazama mimi mwenyewe, wa miaka tisa. Na mama yangu akapita karibu nao kabisa, anaita Shadya, Shadya, asiwaone.

Nikakimbia. Kila nilivyopiga hatua, nao walikuwa mbali kwa hatua ileile.

“Mrudishe mwanangu,” nikasema.

“Ni wangu pia,” akajibu taratibu. “Si umeandika mwenyewe? Mimi ndiye wewe. Umekaa naye miaka minne, sasa ni zamu yangu.”

Nikashika simu kuvunja muunganisho. Gemu likanijibu kwamba upande wa pili haujakubali. Nikamwambia achukue mbawa, akatikisa kichwa. Nikamwambia achukue na cherehani. Akatikisa kichwa, akaanza kugeuka aondoke, na miguu midogo ya mwanangu inaning’inia kiunoni mwake.

Sasa sijui niseme ni akili au ni hasira. Unajua nikikasirika mdomo wangu hautafuti ruhusa. Nilimtazama yule mtoto, hajachezwa, hajafundwa, amesimama mbele ya mama wa mtu anajibizana, na salamu hajatoa. Kwetu hata ukiwa unakimbilia mvua, ukikutana na mkubwa unasimama.

“Wewe mtoto,” nikasema, “mbona hujaniamkia?”

Akasita. Niliona anavyopambana, midomo ameifumba. Lakini huyo alilelewa na mama yangu, na mtoto aliyelelewa na mama yangu hawezi kuambiwa hivyo akanyamaza. Akapiga goti, Shadya akiwa mgongoni.

“Shikamoo.”

“Marahaba,” nikaitika upesi.

Basi, yakaisha. Nani hujiamkia mwenyewe? Alipotoa shikamoo, na mimi nikaipokea, alikuwa amekiri kwamba yeye ni mdogo na mimi ni mkubwa, yeye ni yeye na mimi ni mimi. Alilitambua kosa lake, nililiona machoni. Akaifungua kanga, akamteremsha Shadya polepole, akamfuta vumbi puani, na pale aliposimama pakabaki mabibo tu.

Mama alikuwa ameangusha ndoo. “Mama Shadya,” akaniuliza, “ni nani aliyeamkia hapa kwa sauti yako ya zamani?”

Nilikuwa nimembeba mwanangu nazunguka naye shambani, nacheka na kulia kwa pamoja. Begi la gemu lilikuwa tupu, mbawa zimekwenda, na sikujali hata kidogo. Niliona nimeshinda.

Jioni mama akaanza kumsimulia Shadya jinsi baba yangu alivyokuwa ananibeba mabegani kwenda gulioni. Baba alifariki kabla sijaingia unyagoni. Nikawa nasikiliza kama anamsimulia mtoto wa jirani. Nikajaribu kumkumbuka, sura, sauti, mikono, nikakuta hakuna kitu. Mama akaleta picha. Nikaona mwanaume mwenye kofia, nikauliza ni nani huyu. Mama alilia mpaka Shadya akaanza kumbembeleza. Yule mtoto alikuwa amechukua vyake, na baba alikuwa wa kwake.

Kwa hiyo wewe mzazi unayemfungulia mwanao akaunti, nakuonya: usiiandike kwa jina ambalo kesho ataliacha. Na wewe uliyeliacha lako, liache huko liliko, hata uahidiwe mbawa.

Maana kila asubuhi gemu linaniletea ombi. Jina lile linaomba tuunganishwe tena. Chini ya ombi kuna orodha ya vitu vitakavyokuwa vya pande zote mbili, na cha kwanza kimeandikwa Baba. Shadya anakuwa amelala ubavuni kwangu ninapolisoma. Sijabonyeza kubali. Lakini kataa nayo, Mungu anisamehe, sijaibonyeza.