Macho ya Sungura wa Mama

Wivu ninao, sikatai. Wengine wanamwonea wivu mke mwenza, wengine jirani aliyeezeka nyumba kwa bati la rangi. Mimi nilimwonea wivu sungura.

Mama alishuka stendi ya Mbeya mwezi wa sita, baridi ya kukata masikio, begi begani na mikononi boksi lililotobolewa matundu. Nilikimbia kumkumbatia, akanizuia kwa kiwiko. "Taratibu, utamtisha." Ndani ya boksi kulikuwa na sungura mweupe mwenye sikio moja la kijivu. Alikuwa zawadi aliyopewa na mdogo wangu wa Iringa, kitinda mimba wetu, yule ambaye hata akiunguza wali mama atasema ukoko ndio mtamu.

Mdogo wangu hajaolewa, na ndiyo maana mama anaishi kwake. Kwetu Uhehe mama haweki makazi kwa mkwe. Anakuja, anasalimia, anaona wajukuu, anarudi alikotoka. Mume wangu akiingia sebuleni, mama anajitanda kitenge na kuhamia jikoni, na sahani yake haijawahi kukaa meza moja na ya mkwe wake. Mume wangu mwenyewe hana neno, ameshamwambia mara kumi ajisikie nyumbani, lakini mama ni mtu wa mila. Kwa hiyo kila mwaka mimi napata wiki mbili, na mdogo wangu anapata zote zilizobaki. Jambo hilo nalipiga hesabu kila siku ninapowapimia wateja mchele sokoni, na kila siku linaniuma upya.

Asubuhi ya kwanza nilimkuta mama amechuchumaa uani mbele ya banda tulilomtengea mgeni wake. "Kamwene," anamsalimia sungura kwa Kihehe, sauti laini kabisa, kana kwamba anasubiri kujibiwa. Mimi nimesimama mlangoni na chai yake mkononi, sijasalimiwa.

Banda lilihitaji matandiko. Mchele wangu unatoka Rujewa, na kule mashineni wanakokoboa mpunga pumba zinabaki vilima kwa vilima, anayetaka anajaza gunia lake. Huku kwetu tunachomea matofali, tunatandika kwenye mabanda ya kuku. Nikamwaga debe zima kwa sungura, nikaona na mimi nimetoa changu, mdogo wangu asijione. Mama aliangalia zile pumba, akaniangalia mimi, akasema ahsante.

Siku ya nne macho ya sungura yakaanza kutoa machozi. Manyoya ya chini ya macho yakalowa, yakagandana. Basi mama akawa hana kazi nyingine. Anachemsha maji, anayaacha yapoe mpaka yawe vuguvugu, anachovya pamba, anafuta polepole, jicho hili na pamba yake, jicho lile na pamba yake. "Pole mwanangu, pole." Mwanangu! Jamani, mwanawe si niko hapa? Nina mafua wiki nzima, napiga chafya mpaka majirani wanasikia, hakuna aliyenipa hata tangawizi.

"Hivi mimi uliwahi kunifuta macho namna hiyo?" nilimuuliza.

"Wewe ulikuwa unang'ata," akajibu bila kugeuka.

Wiki mbili zikaisha. Nilijua atafunga begi, nikaanza kununa mapema. Lakini mama akasema hawezi kupanda basi na mgonjwa, vumbi na upepo wa dirishani vitammaliza. Akipona ndipo ataondoka. Mdogo wangu akapiga simu kulalamika, nyumba imepooza, mama anarudi lini. Nikampa pole kwa sauti ya msibani, na huku moyo unacheza ngoma. Na yeye aonje!

Hata hivyo nilikwenda duka la dawa za mifugo, maana mama alinituma. Bwana mifugo niliyemkuta pale akauliza kama yanayotoka ni maji au usaha. Maji. Anakula? Kuliko mimi. Meno hayajarefuka kupita kiasi? Nilishayaangalia, yako sawa. Analalia nini?

"Pumba za mpunga," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Vumbi la pumba linawasha hata macho ya mtu, sembuse huyu aliyelala juu yake. Zitoe zote, weka nyasi kavu isiyo na vumbi, endeleeni kufuta kwa maji safi. Dawa ya macho ya watu usimtilie. Siku chache zikipita hajapona, au ukiona usaha, mlete nimwone."

Nyasi tu. Nilitembea mpaka nyumbani nikiwaza nyasi. Mama alinisubiri mlangoni. "Amesemaje?"

"Amesema tuendelee kufuta."

Si alisema hivyo? Alisema. Hayo mengine niliyameza. Nikaendelea kubadilisha matandiko kama mtu mwema, natoa pumba za zamani, naweka pumba mpya. Siku sita nzima. Sitaki kujipamba hapa: nilijua ninachofanya. Macho yale yakikauka, mama anarudi kwa kipenzi chake.

Siku ya saba nilimkuta sungura amejikunyata kwenye kona, uso kaugeuzia mbao, manyoya chini ya macho yamenyonyoka na ngozi imekuwa nyekundu. Alikuwa anajifuta kwa miguu ya mbele, upande mmoja, upande wa pili, hachoki. Niliona aibu, nyie. Nikakomba pumba zote, nikapangusa banda, nikatandika nyasi kavu niliyoomba kwa jirani mwenye ng'ombe. Kisha nikaenda sokoni nikiwa nimekubali kushindwa.

Baada ya siku tatu macho yalikuwa karibu yamekauka. Siku ya nne yakalowa tena. Nikasema huyu bwana mifugo naye ni mbabaishaji.

Mchana wake nilisahau simu nyumbani, nikarudi kuichukua. Nilipokata kona ya uani nikamwona mama ameinama bandani, bakuli mkono wa kushoto, mkono wa kulia unanyunyiza kitu chini ya nyasi. Anakinyunyiza kwa adabu, kama mtu anayetia chumvi.

"Mama!"

Bakuli likamponyoka. Pumba zikamwagika miguuni mwake.

"Kiganja kimoja tu," akasema. "Yalikuwa yanakauka haraka mno."

"Kumbe ulijua?"

"Sungura nimefuga kabla hujazaliwa. Nilijua siku ile ile ulipozimwaga."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema? Ulikwenda kwa bwana mifugo ukarudi na nusu ya jibu. Mtoto nimzae mwenyewe, nisijue akimeza maneno?" Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akavuta kitenge mabegani. "Mtu hakai kwa mkwe bila sababu. Mumeo ananikaribisha, sawa, ana heshima zake. Lakini wewe hujawahi kuniambia, mama, kaa. Mwaka hata mmoja."

Mwaka baada ya mwaka nilikuwa nasubiri aombe mwenyewe, nipate kuamini kwamba ananipenda.

"Kaa, mama," nikasema. Nilichelewa, lakini nilisema.

Tulilia kidogo, kisha tukasafisha banda pamoja. Mama akamshika sungura kifuani, akamwomba msamaha kwa Kihehe, maneno mengi sana. Mimi sikuombwa. Nikajikuta nanuna tena, halafu nikacheka.

Siku ya tano tangu hapo macho yalikuwa makavu. Mama akafunga begi, maana mila ni mila, na sababu imekwisha. Stendi nikaona mikono yake mitupu.

"Sungura je?"

"Namwacha. Macho ya huyu si ya kuamini," akasema, akipanda ngazi za basi. "Mwezi wa tisa nitakuja kuyaangalia. Na wa kumi na mbili."

Kesho yake mdogo wangu alipiga simu, hata salamu hakutoa. "Dada, kwa nini sungura niliyemnunulia mama amebaki kwako? Kwa hiyo sasa mama atakuwa anakuja huko kila akijisikia?" Sauti ile niliifahamu. Ilikuwa yangu kabisa.

"Ni macho tu, mdogo wangu," nikasema. "Yanataka uangalizi."

Sungura sasa analalia nyasi, na kila asubuhi namwambia kamwene. Nusu gunia la pumba liko stoo, nimelifunga kamba mdomoni. Mume wangu ameniuliza mara mbili ni la nini. Sijalitupa.