Nguzo Niliyoiinamia Asubuhi

Goma haichimbwi, inavunjwa. Mwenye kutaka kusimamisha nguzo katika yale mawe meusi ya volkano aende kwanza kuungama, maana atatukana tu. Mimi nilitukana siku tatu nzima, na nguzo yangu ikasimama nyuma ya nyumba. Nikaifunga majani makavu ya migomba kwenye urefu wa kifua, kisha nikaanza kuipiga ngumi.

Wakati ule wa Wabelgiji nilikuwa karani katika depo ya kahawa karibu na ziwa. Mukubwa wangu wa kazi alikuwa anatupa magazeti yake ya Ulaya, na mimi nayaokota nayasoma yote mpaka matangazo ya sabuni. Katika moja nilikuta foto ya muzee wa Okinawa, kisiwa cha mbali kule Japani, anainamia nguzo iliyofungwa majani kabla ya kuipiga ngumi. Mufupi, mwembamba, mbuzi wa Masisi angemushinda uzito. Gazeti lilisema alizaliwa mugonjwa-mugonjwa, akafunzwa karate kwa siri, akawa mwalimu wa shule, halafu akaitoa ile siri mbele ya watoto wa darasa na watu wa mji mukubwa. Sasa alikuwa amekufa, na wanafunzi wake walikuwa wamejaa kila mahali. Mimi pia niliugua-ugua utotoni. Nikasema: huyu ni wangu.

Basi kila asubuhi nilifanya kama kwenye foto. Nasimama wima, nainamia nguzo kwa heshima, naipiga nikihesabu kwa Kifaransa huku machozi yananitoka, kisha naiinamia tena. Biro ya depo nilifika na vidole vimevimba, na mwandiko wangu ukawa wa kuku.

Mwaka ule nilikuwa na muchumba, binti wa Kalengera, njia ya Rutshuru. Baba yake alikwisha kufa, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la mama yake. Padri alikwisha kutangaza ndoa yetu Jumapili moja, zikabaki mbili. Nilikuwa nahesabu siku kama mutoto anayengoja Noeli.

Halafu shangazi ya binti, aliyekaa Munigi, akapita kwangu asubuhi bila kupiga hodi. Macho hayana pazia. Aliona nini? Mukristo mwenye cheti cha ubatizo anainama mbele ya muti uliovikwa majani, anausemesha, anauinamia tena. Kwa watu wetu maana yake ni moja tu: kubandwa, ile ibada ya mizimu ya zamani. Hakuniuliza kitu. Alirudi na mbio ambazo sikujua mama wa umri ule bado anazo.

Kabla ya Jumapili ya pili katekista akaniletea habari kwamba matangazo yamesimamishwa. Mama ya binti alikuwa amesema hatoi mutoto wake kwa mutu wa mizimu. Nilikaa juu ya jiwe nikalia, wala sioni haya kusema.

Siku mbili baadaye wakaja watatu kuitazama nguzo: mama, shangazi na katekista. Kwetu mukwe na mama mukwe hawatazamani usoni, wala hawasemeshani ovyo. Mama akakaa upande-upande, amejifunika kitenge mpaka mikononi, na maneno yote yakapita kwa shangazi.

"Muulize kile ni kitu gani."

"Anauliza kile ni kitu gani."

"Mwambie ni cha karate."

"Anasema ni cha karate."

"Muulize huyo Karate ni muzimu wa nani."

Nikaleta gazeti. Katekista akalisoma kwa sauti ya misa, hakuacha hata tangazo la sabuni. Kisha akataka kuhakikisha mwenyewe, akakunja mukono wa kanzu, akaipiga nguzo ngumi moja. Akaweka mukono kwapani, akaenda kukaa mbali nayo.

Ndipo mama akageuka akanitazama usoni. Shangazi alishituka kuliko mimi.

"Huyo muzee alikuwa na muke?"

"Gazeti inasema alikuwa naye, mama."

"Alikuwa anamupiga?"

Kitenge kilikuwa kimeteleza. Mukono wake wa kushoto ulikuwa umevunjika zamani ukaunga vibaya, umepinda juu kidogo ya kiganja. Mwaka mzima wa uchumba sikuwa nimeuona, kwa sababu adabu ilinikataza kumutazama. Uongo muzuri ulikuwa tayari mudomoni mwangu, na uongo ule ungenipa muke. Nikaumeza.

"Sijui, mama. Gazeti haikuandika."

"Na wewe?"

"Mimi niko na hasira. Uliza majirani, watakuambia. Lakini toka nimeanza kupiga ile nguzo, nikitoka pale mikono inauma sana, na hasira imekwisha."

Alisimama, akaiendea nguzo, akayabonyeza majani yake kwa ule mukono uliopinda.

"Katekista, mwambie padri aendelee," akasema. "Na hii ising'olewe."

Haikung'olewa. Miaka yote aliyokuwa anatutembelea, kabla hajamusalimu binti yake, mama alizunguka kwanza nyuma ya nyumba kutazama majani. Akiyakuta yamechakaa kwa ngumi zangu, aliingia ndani moyo umetulia, akaomba chai.