Popi za Mueni

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiitaja naona haya. Nilikuwa nimeolewa hapa Wamunyu miaka mitatu. Mueni, mke wa shemeji yangu, alikuja baada yangu, lakini mama mkwe wetu, tuliyemwita Mwaitu, alimpenda yeye zaidi. Ndivyo nilivyoona mimi.

Kabla ya kuolewa, Mueni alikuwa akitunza bustani mjini Machakos. Akaleta mbegu za ua jekundu liitwalo popi, akazipanda mlangoni pa Mwaitu. Zilipochanua, Mwaitu akawa anaketi hapo kila asubuhi, na Mueni kando yake. Mimi niliyemchotea maji nilipita na mtungi wangu, moyo ukinichoma.

Jumapili hiyo nilisingizia kuumwa na kichwa. Walipoenda kanisani nilichukua jembe nikazichimbua zote, nikapondaponda hata vile vichwa vya mbegu vilivyokauka. Waliporudi nikasema ni mbuzi.

Mwaitu alilia kimya. Mueni ndiye aliyenieleza kwamba kaka yake Mwaitu alipelekwa vita vya Wazungu, hakurudi, wala kaburi lake halijulikani. Wenzake waliorudi walivaa popi za karatasi kifuani kila Novemba, kuwakumbuka waliokufa. Mwaitu hakuwa na kingine cha kumkumbukia.

Hata hivyo sikukiri.

Sasa, mbegu ya popi ni ndogo kama vumbi, na kichwa kimoja hubeba mamia. Hulala ardhini miaka, hadi udongo uchimbuliwe ipate mwanga. Kumbe nilikuwa nimezipanda upya. Mvua iliponyesha zikaota uwanja mzima, na nyingine zikafuata kijia hadi mlangoni pangu, kwani mbegu zilinasa kwenye leso niliyovaa, zikadondoka njiani, nami nikaikung'uta pale siku ile.

Mwaitu alikitazama kijia, akaniita.

"Mutheu, mbuzi havai leso," akasema. "Ungeniambia unataka kukaa nami, ningekusogezea kiti."

Nilipiga magoti nikaomba msamaha. Mwaitu alinisamehe papo hapo. Mueni alikaa hadi mavuno ndipo akanisemesha, na sikumlaumu.

Mwanangu, ukiona mwenzako anapendwa na moyo ukakuchoma, nenda kwa yule unayetaka akupende, umwambie unachokosa. Sema mapema, kabla mkono haujashika jembe. Na ukishakosea, kiri mwenyewe, usingoje kuulizwa. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kuomba, na watu wa kukusogezea kiti.