Muhuri kwenye nyama ya fahali wetu

Leo nimemshtaki baba yangu kwa mkaguzi wa nyama hapa Siakago. Mimi, ambaye hata darasani naogopa kuinua mkono.

Wiki jana baba alimdunga fahali wetu homoni ya kunenepesha. Nilisoma karatasi ya dawa: asichinjwe kabla ya miezi miwili. Leo asubuhi amechinjwa.

Nilimpa mkaguzi ile karatasi. Akaisoma yote, jamani. Nikadhani ameelewa. Kisha akamgeukia baba, aliyesimama kando ya nyama.

"Mzee, huyu mtoto ni wako?"

"Ni wangu. Anasoma sana."

Wakacheka. Mkaguzi akaikunja karatasi, akamrudishia baba, akagonga muhuri.

Nyumbani baba hakunigombeza. Alimwambia mama tu, "Leo tupikie maharagwe."

Jirani yetu Mama Wanja amenunua kilo mbili za nyama hiyo. Nasikia akikaanga vitunguu.

Mngekuwa mimi, mngebisha hodi kwake?