Safari Zetu za Kuchagua Gitaa Dogo

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinivuta mkono hadi kwenye duka moja la Singida Mjini. Anataka kujifunza muziki, na kwenye simu yake alikuwa amesoma kwamba anayeanza achukue ukulele ya bei nafuu, yaani gitaa dogo kabisa la nyuzi nne. Muuzaji akatuwekea kadhaa juu ya kaunta. Mjukuu akakimbilia ya bluu. Mimi, bila hata kufikiri, nikanyanyua ya kahawia, nikafumba jicho moja nikaitazama shingo yake kuanzia chini hadi juu, kisha nikagonga tumbo lake kwa kifundo cha kidole.

"Bibi, umejifunzia wapi haya?"

Nikamwambia ni zamani. Mengine sikumsimulia, nikauliza bei. Kwa hiyo wewe, rafiki yangu, nivumilie nikusimulie.

Nililelewa na bibi mzaa mama, upande wa Sepuka, miaka ile ya mwanzo ya vijiji vya ujamaa. Wazazi wangu walikuwa kazini Tabora. Nyumba zetu mpya zilipangwa kwa mistari kama darasa, na asubuhi ringi ya gari iliyoning'inia mtini ikigongwa, wakubwa walishika majembe kwenda shamba la kijiji. Sisi watoto tuliachiwa mbuzi, maji na kutwanga uwele. Nikifumba macho nasikia bado harufu ya mlenda ukichemka chunguni. Na upepo, ule upepo wa kwetu unaokutia vumbi hadi kwenye meno.

Bibi hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini aliniamini. Ufunguo wa sanduku lake la bati niliuvaa mimi shingoni. Wageni walipouliza jambo la nyumbani, alikuwa akisema, "Muulizeni huyu, huyu hasemi uongo." Nilikuwa mtoto mdogo, lakini maneno hayo yalinifanya nitembee kifua mbele.

Wa tatu nyumbani alikuwa mama mdogo, kitindamimba wa bibi. Msichana mrefu, mwenye sauti iliyotangulia zote katika kwaya ya kijiji. Tulilala kitanda kimoja cha kamba. Alinisuka, alinifundisha nyimbo, na nikichapwa yeye ndiye aliyenipangusa machozi. Kama ungeniuliza siku zile ni nani ninayempenda zaidi duniani, ningemtaja kabla hujamaliza kuuliza.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa nyimbo aliyekuwa na gitaa dogo la nyuzi nne. Wakati mwingine alinipakatisha, akavipanga vidole vyangu, nalo lilinienea mkononi kabisa. Kisha akahamishwa, akaondoka nalo. Nililia mpaka nikakataa kula. Mama mdogo akanipigia magoti akasema, "Nyamaza. Tutatafuta lako, uanze nalo upya."

Bibi alikuwa amenipa tetea, naye alikuwa ameangua vizuri. Mama mdogo akamweleza bibi kwamba kuku wangu wakiuzwa mjini tungepata gitaa la bei ndogo, na kwamba kule kuna duka la fundi redio linalouza ala zilizotumika. Bibi hakupenda binti yake aende mjini. Mwishowe akasema, "Nendeni wote wawili. Mtoto awe nawe muda wote."

Tukapanda lori la ushirika, juu ya magunia ya karanga, kuku wangu wamefungwa miguu. Mjini tuliwauza sokoni, kisha tukaenda dukani. Mwenye duka alikuwa mzee aliyeinamia redio zake muda wote. Aliyetuhudumia ni kijana mmoja, shati limepigwa pasi, ambaye jioni alikuwa akipiga gitaa kubwa katika bendi ya pale mjini. Nilimwamkia, "Shikamoo," akacheka, akaitikia, akachuchumaa tukawa sawa kwa kimo.

"Mwanafunzi wangu," akasema, "gitaa halichaguliwi kwa rangi."

Akanifundisha. Shingo inyooke; ikipinda, hata fundi mkubwa hatalipatanisha. Nyuzi zisikae juu sana, maana kidole cha mtoto kitaumia naye ataliacha. Vigingi vya kukazia nyuzi viwe vigumu kidogo. Vikiteleza, utakaza asubuhi na mchana limelegea. Gonga tumbo, ukisikia mtetemo wa kupasuka, rudisha. Bonyeza uzi katikati ya shingo, sauti iwe ileile, ila nyembamba. Nilimeza kila neno. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunieleza kitu kwa upole namna ile.

Siku hiyo hatukununua. Alisema yote yaliyokuwepo yana kasoro, tusubiri mengine. Tuliporudi tena, moja lilikuwa zuri machoni pangu, lakini akasema vigingi vinateleza. Safari nyingine akasema shingo imepinda. Nilipolitazama sikuona ilipopinda, nikadhani jicho langu bado halijakomaa.

Kila safari alinipa gitaa moja nikakae nalo kwenye benchi la nje, nilisikilize "mpaka uzoee sauti yake." Nilikaa pale, watu wakipita na vikapu vya vitunguu, nikipiga ting, ting. Mama mdogo alibaki ndani. Aliporudi nje alikuwa mchangamfu, na njiani juu ya lori aliimba bila kuacha. Nyumbani bibi aliniuliza mimi, si yeye. "Mlifanya nini?" Nami nilijibu kweli yote niliyoijua: "Tulichagua gitaa, bibi. Bado halijapatikana zuri." Bibi aliridhika, kwa sababu mimi ndiye niliyesema.

Safari ya mwisho ilikuwa baada ya mavuno ya mtama. Kijana alikuwa ameliweka kando, dogo, la kahawia, halina urembo wowote. Nililikagua mwenyewe, kila kitu kama alivyonifundisha. Lilikuwa zuri. Sauti yake ilikuwa safi kama maji ya kisima kipya.

"Umefuzu," akaniambia. "Hili ni lako."

Mama mdogo akanikumbatia, akanikumbatia mno, mpaka gitaa likanibana kifuani. Akanituma kwa mama muuza maandazi wa upande wa pili wa soko. Niliporudi na maandazi ya moto kwenye gazeti, hawakuwepo. Mzee wa duka akainua kichwa kutoka kwenye redio yake.

"Wameondoka, mjukuu wangu. Wamepanda gari la Iguguno, kwao kijana. Mama yako mdogo amesema dereva wa lori anakujua, atakufikisha."

Nilisimama pale. Nikauliza, "Anarudi lini?" Mzee akainamia tena redio yake. Ndipo vile vigingi vinavyoteleza na zile shingo zilizopinda vikanijia kimoja kimoja. Hakukuwa na kasoro yoyote. Walikuwa wakitafuta muda wa kuwa pamoja, na mimi ndiye niliyekuwa ruhusa yao.

Nilirudi peke yangu juu ya magunia matupu, gitaa mapajani, maandazi yamepoa. Bibi alikuwa akipepeta uwele. Aliangalia nyuma yangu, akaangalia barabarani, kisha akaniangalia mimi.

"Yuko wapi?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema polepole, "Safari zote zile, wewe ulikuwepo."

"Bibi, sikujua."

"Ulikuwepo," akarudia. Akanyoosha mkono, akauvua ufunguo shingoni mwangu.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Siku iliyofuata aliniona nimekaa bila kazi akasema, "Lipige basi. Si ndilo mlilolifuata?" Nililishika, vidole vikakataa. Nililitundika ukutani, na sikuligusa tena, mpaka mchwa wakapanda ukuta na kulifikia.

Wazee wa Iguguno walikuja baadaye na ng'ombe, mambo yakazungumzwa, pombe ya mtama ikanywewa, na mama mdogo akarudi kutusalimia akiwa na mtoto mgongoni. Bibi alimpokea kwa vigelegele. Nilifurahi, nikasema sasa ataniondolea mzigo. Nikamfuata kisimani.

"Mama mdogo, mwambie bibi kwamba mimi sikujua."

Akanishika shavu. "Bado unawaza hayo? Yamekwisha. Na gitaa si nilikuachia zuri?"

"Mwambie tu."

"Nitamwambia, mwanangu. Leo leo."

Niliamini tena. Niliwaona jioni ile wamekaa pamoja jikoni wakizungumza, nikajua ninazungumziwa mimi. Lakini bibi hakubadilika. Ufunguo haukurudi, na wageni wakija hakusema tena waniulize mimi.

Nilikuwa tayari mwanamke mwenye nyumba yangu bibi alipougua ugonjwa wake wa mwisho. Nilikwenda kumuuguza. Mchana mmoja nikimnywesha uji, akanishika mkono, akasema kwa sauti ya kuisha, "Mama yako mdogo aliniambia siku ile aliporudi. Kwamba wewe ndiye uliyemsihi muende kila mara, na ulikuwa unakaa nje kuwaangalizia mlango. Nilikasirika sana. Lakini ulikuwa mtoto. Nimekusamehe."

Nikarudisha kijiko bakulini. Nilimtazama. Alikuwa amechoka, macho yameingia ndani, na uso wake ulikuwa na utulivu wa mtu aliyemaliza kazi. Ningemwambia nini? Kwamba binti yake alimdanganya mara mbili, afe na hilo?

"Ahsante, bibi," nikasema.

Alifurahi. Akamaliza uji wote.

Sasa kijiji kile si kile. Watu walitawanyika kurudi kwenye mashamba yao ya zamani, mistari ya nyumba imekuwa mashamba ya alizeti, na duka la fundi redio limevunjwa. Mama mdogo naye amezikwa Iguguno, karibu na mume wake. Nilihudhuria, niliimba na wengine, na nililia kweli, maana nilimpenda. Lakini kaburi lilipofunikwa nilibaki nimesimama pale watu wakiondoka. Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho duniani aliyejua kwamba mimi sikujua.