Kolekole wa Baba

Kwa miaka kumi ya ndoa yangu, baba hakuwahi kula chakula nyumbani kwangu. Hata tonge moja. Akija Kericho kutoka kwake Chebunyo anakaa verandani, anaomba chai ya rangi kwa kikombe cha bati, na nikimwita mezani anasema ameshiba. Ameshiba nini, na ametoka kwake alfajiri? Sababu tuliijua sote. Bwanangu ni mtu wa ziwani, fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai, na sufuria zangu hupika samaki. Kwa baba samaki ni ndugu wa nyoka, na sufuria iliyompika haitakati hata uisugue kwa mchanga wa mto mzima.

Mimi nina hasira za karibu. Nilimgombeza baba mwaka baada ya mwaka, mpaka mama akaniambia nimwache, samaki hukunjwa angali mbichi na huyu alishakauka zamani. Bwanangu yeye alikuwa akimpelekea mzee chai, wanaongea habari za mvua, kisha anaingia ndani na kula polepole bila kuinua macho. Hilo ndilo lililonikata maini.

Desemba akapata likizo, tukapanga kwenda Msambweni kuvua baharini, sisi wawili na binti yetu wa miaka saba. Nilimpigia baba simu kumuaga tu. Akauliza kama ni kweli maji ya huko yana chumvi. Nikamwambia yote, Baba, mpaka macho yanapoishia. Kesho yake jioni nikamkuta mlangoni na mtungi wa plastiki wa lita ishirini. Bei ya chumvi ya ng'ombe imepanda, alisema, na mtu mwenye akili hanunui kitu ambacho Mungu amekimwaga bure. Mama alikuwa amebaki na mifugo. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, lakini moyoni nilikuwa nikipiga vigelegele. Baba anasafiri na sisi!

Njia nzima bwanangu alitufundisha uvuvi. Samaki anauma hivi, mshipi unashikwa vile, damu ya ziwani haipotei. Ukweli ni kwamba alizaliwa kwenye kambi ya wachuma chai, na samaki aliowajua ni wale wa sokoni, waliokwisha kukaangwa. Sikumharibia. Nusu saa baada ya mashua kuondoka ufuoni, mtaalamu wetu alikuwa ameinamia maji akitapika chai yote ya asubuhi. Baba, aliyezoea kusimama nyuma ya pikapu na mafahali akiwapeleka mnada wa Siongiroi, alipanua miguu na kuuliza mtu mzima anauguaje kwa kutikiswa kidogo.

Nahodha, mwenyeji wa pale, alitupa kila mmoja mshipi wake: uzi wa nailoni uliozungushwa kwenye kijiti, risasi ya kuuzamisha, ndoana na kipande cha ngisi. Baba alisema atashika tu, isije ikasemwa alikaa bure. Binti yangu akavuta kisamaki cha ukubwa wa kiganja, tukapiga kelele kama tumeshinda uchaguzi. Mimi nikala hasara ya chambo mara tatu na kuanza kununa. Ndipo kijiti cha baba kikaanza kuzunguka chenyewe miguuni pake.

Wacha! Uzi ulikimbia ukapiga mluzi. Bwanangu akasahau kuumwa, akamwambia mzee avute, avute kwa nguvu. Nahodha akasema asivute. Baba hakuwa akimsikiliza yeyote. Aliuachia uzi, akaurudisha kidogo, akauachia tena, macho yake yakiwa madogo kama siku za mnada.

"Fahali havutwi," alisema. "Fahali anachoshwa."

Niliruka nikapiga makofi, mashua ikayumba, nahodha akaniamuru niketi. Hasira ya mkizi, furaha ya mvuvi: methali hiyo niliikariri shuleni Bomet miaka yote bila kujua mkizi ana sura gani, na sasa hasira yenyewe ilikuwa inatuvuta kuelekea bahari kuu. Uzi ukamkata baba kiganja, damu ikatoka. Bwanangu akavua shati, akamfunga jeraha nalo, kisha akamkumbatia kiunoni kutoka nyuma ili asitumbukie. Basi wakapambana hivyo wote wawili, mmoja akipiga kelele kwa Kipsigis na mwingine kwa Kijaluo, na walielewana kabisa. Sijawahi kufurahi vile.

Samaki alipopanda juu alikuwa mpana, anang'aa kama sufuria mpya. Nahodha akasema ni kolekole, tena wa heshima. Baba alimwangalia kwa muda mrefu, akauliza ini lake liko upande gani.

Pale kwenye nyumba tuliyokodi, nahodha alimchoma samaki huyo kwa makaa, ndimu na chumvi. Baba akaomba kisu. Mnyama wake hagawiwi na mtu mwingine. Kila Krismasi kwake Chebunyo huchinja mbuzi, na sheria yake haijabadilika tangu nizaliwe: anayegawa ndiye anayeonja kwanza, mbele ya wote, na kabla hajaonja hakuna anayegusa. Akagawa vizuri kabisa. Kichwa kwa nahodha, mgongo kwangu, mkia kwa mtoto. Kisha akaweka kisu chini na kujipangusa mikono.

Hakuna aliyegusa. Nilimtazama bwanangu, naye alikuwa akitazama sahani yake tupu.

"Babu," binti yangu akasema, "hujaonja. Tunakungoja."

Baba akakohoa. Nilikuwa tayari kulipuka, maneno ya miaka kumi yamenijaa mdomoni, nikayameza. Akamega kipande kidogo kama punje ya hindi, akafumba macho, akatafuna kwa muda mrefu mno. Akameza. Kisha akakata nyama ya tumbo, ile yenye mafuta, akaiweka kwenye ile sahani tupu.

"Mkwe wangu, hii ni yako," akasema. "Wewe ndiye uliyenishika."

Mtungi wa maji ya bahari aliupakata mpaka Kericho, na kuendelea nao mpaka Chebunyo, ambako ng'ombe waliyanusa wakampa mgongo. Alikuja mwenyewe Jumapili moja ya Januari kutuletea habari hiyo, huku akicheka. Nilikuwa nimeshamtolea kiti verandani, na bwanangu yuko jikoni akitafuta kile kikombe cha bati. Baba akapita kiti, akaingia ndani, akavuta kiti cha meza na kuuliza chakula kiko wapi. Nilikuwa nimepika maharagwe tu. Alikula sahani mbili, kutoka kwa sufuria ileile.